Mashine Isiyozima Ndani ya Pipa

Baba yangu alikuwa na namna yake ya kuadhibu, na aliiita kuvaa kava. Fundi akitengeneza mashine ya boti, mwenyewe akaichukua, kisha mashine ikarudi na ugonjwa uleule, fundi huyo alikalishwa kwenye kreti la soda mbele ya karakana, uso kuelekea barabarani, akavishwa kichwani kava la mashine ile, yaani kifuniko chake cha juu. Kava la mashine kubwa humshika mtu mpaka mabegani. Ndani kuna giza na harufu ya oili iliyoungua, na jasho halina pa kwenda. Anakaa hivyo wakati fundi mwingine anaifungua mashine, anaitengeneza upya na kuiwasha, na havuliwi mpaka mashine izimwe na ipoe. Baba ndiye aliyeamua kama imepoa.

Haya yalifanyika mchana kweupe, Gerezani, ubavuni mwa Kariakoo, mtaa ambao mtu hawezi kukosea hata kupiga chafya bila watu kumi kumwambia pole. Wabeba mizigo waliegesha mikokoteni. Machinga wa mikanda na soksi waliacha wateja. Kuna waliolisogelea kava, wakaligonga kwa vidole na kupiga hodi, kisha wakaweka sikio kusubiri kuitikiwa. Wenye simu walirekodi. Nimewahi kumwona mtu mzima, mwenye wajukuu, akilia mle ndani. Nilijua analia kwa sababu kava lilikuwa linatetemeka na yeye mikono yake ilikuwa imetulia magotini.

Mimi nilikuwa kaunta. Duka la spea liko mbele, karakana iko ubavuni, na dirisha la kaunta linatazama lile kreti. Nimekulia kwenye dirisha hilo, nikiuza plagi, filta na mipira ya mafuta, na kwa miaka mingi nilidhani kila karakana ina kreti lake.

Baba ni mtu wa mji. Babu yake alitoka Arabuni akauza kahawa, baba yake akauza misumari, yeye akaangukia mashine za boti, na tangu hapo hajawahi kukubali kwamba kuna mtu mwingine anayezijua. Alijivunia vitu viwili: pipa lake na kisu chake. Pipa lilikaa kivulini, limejaa maji. Mashine iliyotengenezwa ilining'inizwa humo, ikawashwa mbele ya mwenyewe, kava likiwa limewekwa pembeni ili kila mtu aone inavyocheza. Ikiunguruma vizuri, basi imepona. Ikifa baharini, mgonjwa ni nahodha. Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu, na haikuwa na rufaa.

Kisu kilikuwa cha kupunguza. Baba aliamini kwamba waliounda mashine hizi walizijaza takataka ili wauze spea. Kila mashine iliyopita mikononi mwake ilitoka nyepesi kuliko ilivyoingia. Zaidi ya yote aliuchukia mpira wa mafuta, ule unaoleta petroli kwenye pampu. Kiwandani huzungushwa pembeni, mrefu, umeshikwa na vibanio vya plastiki na kuvalishwa kitu kama soksi. Baba aling'oa vibanio, akavua soksi, akaukata mpira na kuupitisha njia ya mkato, ukalala moja kwa moja juu ya chuma cha mashine. "Mashine haivai mapambo," alisema, na mafundi wake wote walifundishwa kufanya hivyohivyo. Aliyesita aliulizwa kama ana hisa kiwandani.

Mume wangu alikuja kutoka Kilwa, fundi tayari, ametengeneza mashine za wavuvi tangu ujana wake. Siku yake ya kwanza karakanani alikuta mtu amevaa kava, mzee mmoja mwenye kisukari, na jua la saa saba. Watu walikuwa wanacheka. Yeye alichota maji kwenye kikombe, akaenda, akainua ukingo wa kava, akamnywesha yule mzee taratibu, akalishusha tena. Kicheko kilikatika kama redio iliyoishiwa betri. Baba alimtazama akasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, huyu yake tutaiona.

Mimi niliuona ule mkono ulioinua kava na nikajiambia, huyu hapa. Nilikuwa nimezungukwa na wanaume wanaocheka tangu nijue kutembea, na sasa nimemwona mmoja asiyecheka. Kwa hilo tu nilimpenda. Sura alikuwa nayo ya kawaida, na miguu yake, Mungu anisamehe, ilikuwa na magaga.

Baba alikataa muda mrefu. Sababu hakuzificha: ni mtu wa kuja, ukoo wake hatuujui, ana huruma, na fundi mwenye huruma huionea huruma hata nati. Shangazi zangu walimkalia kooni mpaka akakubali, lakini siku ya ndoa, mbele ya sheikh, alitamka sharti ambalo watu walilicheka wakidhani ni utani. Alisema yeye anamwozesha binti yake kwa fundi. Siku mume huyu atakapokoma kuwa fundi, binti anarudi nyumbani. Mume wangu alitabasamu kwa adabu. Mimi sikutabasamu, kwa sababu ninamjua baba, na baba hajui kutania.

Ndipo ikaja ile mashine.

Ilikuwa mashine ya boti inayobeba watu wanaokwenda kuogelea visiwani siku za mapumziko, familia za Upanga na vyombo vyao vya biriani na makasha ya barafu. Nahodha wake alikuwa mtu mwembamba, msemaji, anayependa kukaa kwenye benchi langu na kunihadithia abiria wake. Aliileta mashine ikiwa nzima, kwa matengenezo ya kawaida tu. Baba alimpa mume wangu kazi hiyo, akasimama juu yake mpaka mpira ukakatwa na vibanio vikatupwa kwenye mtaro. Pipani mashine ikaimba. Nahodha akaondoka anafurahi.

Wiki haikuisha akarudi. Alieleza vizuri, na mtu yeyote aliyetaka kusikia angesikia. Asubuhi mashine inawaka, inakwenda mpaka kisiwani bila tatizo. Anaizima, watu wanashuka, wanaogelea, wanakula. Akiwasha kurudi, inawaka, inatembea kidogo, kisha inaanza kukohoa na kufa. Akibinya kile kipira kilicho kwenye mpira wa nje unaotoka kwenye tangi, ili kusukuma petroli, anakikuta kimelegea, hakikazi. Akisubiri sana, inawaka yenyewe kana kwamba haikuwahi kuugua.

Baba alimwuliza kama petroli anainunua kwenye madumu barabarani. Nahodha akasema hapana. Baba akasema basi ina maji. Alimwaga petroli yote, akabadilisha plagi, akaitia mashine pipani kivulini, kava pembeni, ikaunguruma asubuhi nzima. Na kwa kuwa mashine ilikuwa imerudi, mume wangu alikaa kwenye kreti.

Alikaa mgongo wima. Nilimtazama kupitia dirisha na sikuweza kuhudumia mtu. Nilitaka kutoka nimpelekee maji kama alivyompelekea yule mzee, na baba, bila hata kugeuka, akaniambia nikivuka kizingiti hicho mume wangu atalala amelivaa kava. Nikabaki.

Mara ya pili ilirudi na malalamiko yaleyale. Safari hii baba alimkejeli nahodha mbele ya watu, akamwuliza kama mawimbi yanamtia kizunguzungu, kama angependa atafutiwe kazi ya kuendesha bajaji. Watu wakacheka sana. Mafundi walisafisha kabureta, wakabadilisha pampu ya mafuta, wakaiwasha pipani. Ikaimba. Mume wangu alikaa tena juani, na mbeba mizigo mmoja akamwekea ganda la ndizi juu ya kava, na mwingine akarekodi video.

Video ile ilizunguka kwenye magrupu, ikasafiri mpaka Kilwa. Jioni mama mkwe wangu alipiga simu kumwuliza mwanawe kama anaumwa kichwa, maana ameonyeshwa picha yake amefungwa kitu kikubwa. Mume wangu akamwambia ni kofia ya usalama, siku hizi mafundi wa Dar wanavaa. Mama akasema alhamdulillahi, nilidhani wanakuchezea. Mume wangu alipokata simu alikaa akitazama chakula mpaka mafuta ya mchuzi yakaganda. Nilimshika bega, akaniondoa mkono kwa upole. Nilidhani ni aibu. Sasa ninajua ile haikuwa aibu.

Siku hiyo hiyo, kabla ya kumvua kava, baba alikuwa ameinama karibu na tundu la hewa lililo mbele ya kava, akasema kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia.

"Mashine hii ikirudi tena, unaziacha spana zangu mezani. Na binti yangu unamwacha. Talaka unaandika hapahapa, juu ya kreti."

Kesho yake nahodha alikuja kuichukua. Wakati anasubiri mkokoteni wa kuipeleka ufukweni Magogoni alikaa kwenye benchi langu, hana raha, lakini domo lake halijui kufunga. Alinihadithia mkosi wa safari iliyopita. Mashine ilikuwa imemzimikia njiani, abiria wanamtukana, na mtoto mmoja, jua na biriani vimemkaa vibaya, akatapika juu ya mashine. Yaani juu ya kava, yakapenya tundu la hewa mpaka kwenye mpira wa mafuta. Mama wa mtoto akapiga kelele harufu itawaua. Basi nahodha akalivua kava, akalisuuza baharini, akaimwagia mashine yenyewe ndoo ya maji pale kwenye mpira.

"Halafu dada, hutaamini," akasema. "Nikawasha tu ikawaka. Sikusubiri hata kidogo. Ikatufikisha mpaka nyumbani."

Nikamwuliza kava alilirudisha muda gani.

"Wapi, lilikuwa bado linanuka. Nililiweka chini miguuni mpaka tukafika."

Nimeuza vitu hivi tangu utoto, na sijivuni, lakini kuna mambo ambayo mtu akishayasikia hawezi tena kutoyasikia. Baharini mashine hutembea imefunikwa. Sisi tunaipima imefunuliwa, kivulini, ndani ya pipa ambalo maji yakipata joto tunafungulia bomba. Na mara ile moja ilipofunuliwa baharini, ikapona. Mkokoteni ulifika, nahodha akaniaga, wakaondoka.

Nilikwenda moja kwa moja karakanani. Baba alikuwa amekwenda msikitini. Nikamweleza mume wangu yote, matapishi na ndoo na kava miguuni. Alikwenda kwenye mashine nyingine iliyokuwa mezani, akapitisha kidole chini ya mpira wa njia ya mkato, akaona jinsi ulivyolalia chuma. Niliona uso wake unapata mwanga. Akaniambia polepole, kama anayejisomea, kwamba mashine ikizimwa ikiwa ya moto na imefunikwa, joto lote linabaki mle ndani. Petroli iliyomo kwenye ule mpira inachemka, inageuka mvuke. Pampu inavuta mafuta, haivuti mvuke. Ndiyo maana kipira kinalegea. Ikipoa, mvuke unarudi kuwa mafuta, na mashine inawaka.

Nikamwambia mkokoteni haujafika mbali, amkimbilie nahodha, amrudishie mpira mrefu na vibanio, ni kazi ya kunywa chai moja. Hakuna atakayejua, mashine haitarudi, na sisi tutabaki pamoja.

Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Mwache aende," akasema. "Itarudi."

Nikadhani sikusikia vizuri. Nikamwambia ile boti ina watu, ina watoto. Akasema mpaka leo hajafa mtu. Nikamwambia baba ameapa kutuachanisha. Akasema ikirudi, baba yako hataachanisha mtu. Aliyasema haya bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Nilitoka mbio na ndara zangu mpaka barabara kubwa, lakini Kariakoo mchana ikishameza mkokoteni haiutemi. Nikapiga simu ya nahodha. Iliita, ikaita, ikakata. Nikapiga tena na tena. Baadaye nilijua alikuwa ameondoka na abiria mchana uleule, na simu ameiacha kwenye koti lake ufukweni, kwa kuogopa maji.

Nahodha aliporudi na mashine, hakuwa yule msemaji. Midomo ilikuwa myeupe kwa chumvi. Mashine ilizimika kwenye mlango wa bandari wakati wa kurudi, katikati ya njia ya meli, boti imejaa. Meli ya makontena ilikuwa inaingia, inapiga honi, na meli ya namna ile hata ikitaka kusimama haisimami. Walipiga kasia kwa mifuniko ya makasha ya barafu na kwa viganja. Mama mmoja alijirusha majini kwa hofu, wakamvuta kwa gauni lake mpaka likachanika, akaingia botini nusu uchi mbele ya wakwe zake. Boti ya wavuvi ikawarushia kamba dakika za mwisho. Nahodha alisimulia haya akiwa amesimama, na hakutaka kukaa kwenye benchi langu.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anasikiliza kwa makini sana, kama fundi anayesikiliza mlio.

Baba alifurahi. Siwezi kutumia neno jingine. Alijifuta mikono, akatuma mtu alete kalamu na karatasi, na mtaa, ambao hauhitaji kuitwa, ukajaa. Alimwonyesha mume wangu kreti. Mume wangu alimwamkia kwanza, shikamoo baba, kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana, na baba kwa mazoea tu akaitikia marahaba. Kisha mume wangu akaomba jambo moja. Aliomba mashine ijaribiwe kabla hajaandika chochote, ila pipa litolewe kivulini liwekwe juani, tangi la petroli likae juani kama linavyokaa botini, na kava lifungwe juu ya mashine.

Baba alicheka. Alisema mashine haisafiri kwenda harusini, ya nini kuifunika. Lakini watu walikwisha kulivuta pipa, kwa sababu watu wanapenda jambo jipya, na baba hawezi kuonekana anaogopa pipa lake mwenyewe.

Ikawashwa. Ikaunguruma imefunikwa, muda mrefu, mpaka maji yakaanza kutoa moshi mwepesi na baba akaanza kutazama watu kwa macho ya mshindi. Mume wangu akaizima. Akasema tusubiri, kama wanavyosubiri kisiwani. Muuza kahawa akapita, watu wakanywa, mmoja akanunua soksi. Kisha akaiwasha. Ikawaka, na baba akafungua mdomo kusema, na kabla hajasema ikakohoa. Ikakohoa tena, ikafa.

Watu wakalisogelea pipa.

Mume wangu akamwita nahodha, akamwambia abinye kipira. Nahodha akabinya, akatikisa kichwa. Kimelegea. Akamwambia avue kava aguse mpira wa mafuta. Aligusa akaurudisha mkono haraka, akaupuliza. Mume wangu akaja dirishani kwangu, akaniomba mpira mrefu na vibanio. Nilimpa. Mikono yetu haikugusana. Aliufunga upya, ukizunguka mbali na chuma, akauvalisha soksi yake, akafunika, akaiwasha, akaizima, tukasubiri tena, akaiwasha. Haikukohoa. Iliunguruma mpaka wenye subira wakachoka, na nahodha akaanza kulia bila kujificha, akamkumbatia mume wangu na kumwita mwokozi wake. Mwokozi huyo alimwacha amkumbatie.

Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, mbele ya wote, nani alimfundisha kukata mpira.

Mafundi walitazama chini. Halafu mtu mmoja huko nyuma akasema mwosha huoshwa, na mwingine akasema avae, na neno likashika. Avae, avae. Wale wale waliokuwa wakiligonga kava kwa ajili ya kumfurahisha baba.

Baba angeweza kuingia dukani akafunga mlango. Lakini miaka yote alikuwa amesema sheria ya kreti haina mkubwa wala mdogo, na alikuwa na kiburi kuliko woga. Alikwenda mwenyewe, akaketi, akavua kofia yake ya vito, ile ya kwendea msikitini, akaishika mkononi. Alimtazama mume wangu, na mimi niliyasoma macho yake kwa sababu ninayajua: alikuwa anangoja azuiwe. Mkwe hamvishi mkwe. Mtu mwenye adabu angesema inatosha mzee, simama, na mtaa wote ungemsifu, na baba angekuwa ameshindwa mara mbili. Na mimi nilikuwa nangoja hilohilo. Nilikuwa nimeshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili, nangoja ule mkono wa kikombe cha maji.

Mume wangu aliizima mashine, akafungua kava likiwa bado la moto kutoka kwenye chuma, akamvisha.

Nilisikia sauti ya baba mle ndani, fupi. Mume wangu akatoa simu yake, akampa nahodha, akamwambia arekodi vizuri, na uso wa mzee uonekane kupitia tundu la mbele. Mama yangu Kilwa anasubiri, akasema. Halafu akainama, akaligonga kava kwa vidole, akapiga hodi. Na alicheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka namna ile. Alikuwa na kicheko kizuri, cha wazi, na watu wote walicheka naye. Mashine ilikuwa imepoa kitambo, mtu yeyote angeweza kuweka kiganja juu yake, lakini kila walipomwuliza alisema bado. Aliposema imepoa, kivuli kilikuwa kimevuka barabara.

Nilimpeleka baba ndani. Ukingo wa kava ulikuwa umemwunguza juu ya sikio na shingoni, ngozi imekunjamana kama utando wa maziwa. Alikaa kwenye stuli ya jikoni nikamwagia maji ya baridi polepole kwa kata. Hakulalamika. Maji yalikuwa yanatiririka mgongoni, na nikagundua kwamba baba yangu ana mgongo mdogo, wa mzee, na kwamba sikuwa na huruma naye hata chembe. Hasira yote niliyokuwa nayo ilikuwa kwa yule mwingine, aliyekuwa bado nje anapeana mikono na watu.

Nikamwambia ukweli, kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Nikamwambia mume wangu alijua. Alijua tangu siku ile mkokoteni unaondoka, akaiacha boti iende na watoto ndani yake, ili mashine irudi na wewe ukae pale. Nilitaka akasirike. Nilitaka, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, baba atoke nje na sharti lake la ndoa mkononi, anichukue.

Niliendelea kummwagia mpaka kata ikafika chini ya ndoo.

"Alijua, akasubiri?" akauliza.

"Ndiyo, baba."

Akaanza kutikisa kichwa, na nikaona kwamba anatabasamu, upande mmoja tu, kwa sababu upande mwingine ulikuwa unamwuma.

"Basi nilimkosea," akasema. "Nilidhani ana huruma yule. Kumbe ni fundi." Akanipapasa mkono, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. "Nenda kwa mumeo, mama. Habari ya kukuachanisha imekwisha. Sasa nakufa nikijua nimekuacha mahali pa uhakika."

Nikamkausha shingo, nikayamwaga maji kwenye mtaro, nikaenda kuwapikia chakula wote wawili.